Kufundisha Wastani kwa Mfano wa Foleni ya Diski

Makala haya yamekusudiwa kwa wanachuo watakaofundisha Hisabati katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, hasa sehemu ya takwimu. Twataka kuonyesha jinsi mwalimu anavyoweza kufundisha wastani, asilimia na grafu kwa kutumia kazi moja iliyo hai: kazi ya kupima mzigo wa diski zinazotunza kumbukumbu katika kompyuta kubwa za mabenki, hospitali, makampuni ya simu na ofisi za serikali. Hatudai kwamba mtoto wa darasa la sita awe fundi wa mitambo hiyo. Twadai jambo dogo zaidi, nalo ni gumu kuliko linavyoonekana: kwamba akipewa wastani, ajue kuuliza wastani huo umeficha nini.

Mtoto huyo amekwisha kusikia mara nyingi maneno "mtandao unasumbua". Ameyasikia dirishani mama yake alipokwenda kulipia matibabu, ameyasikia kwa wakala wa fedha za simu, na ameyasikia ofisini baba yake alipofuata cheti. Mara nyingine maneno hayo ni ya kweli. Mara nyingine mtandao hauna kosa lolote: ombi limesafiri salama, likafika kwenye kompyuta kuu, likasimama pale kwenye foleni ya diski kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Fundi akiulizwa hutazama hesabu zake, akajibu kwamba diski inafanya kazi kiasi cha nusu tu ya uwezo wake. Mama aliyesimama dirishani anasema amengoja zaidi ya dakika nzima. Hakuna aliyesema uongo. Jinsi kauli hizi mbili zinavyoweza kuwa za kweli kwa wakati mmoja, hilo ndilo somo letu.

MWALIMU AJUE NINI KABLA YA KUINGIA DARASANI

Diski ya kawaida ni rundo la sahani za aluminiamu au kioo, zilizopakwa utando mwembamba wa sumaku, zinazozunguka bila kupumzika. Juu ya kila uso wa sahani huning'inia kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia, kilichoshikwa na mkono unaokwenda mbele na nyuma. Ili kusoma habari fulani, hapana budi mambo mawili yafanyike. Kwanza mkono usogee mpaka kwenye njia yenye habari hiyo. Pili, kichwa kingoje mpaka sahani imezunguka na kuleta habari hiyo chini yake.

Hapa tayari pana hesabu nzuri ya darasa la sita. Diski nyingi za seva huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Gawanya kwa 60: mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja basi huchukua kiasi cha milisekunde 8.3, yaani sehemu 8.3 za elfu ya sekunde. Kwa kuwa habari inayotafutwa yaweza kuwa popote katika duara, kichwa kwa wastani hungoja nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 4 na kitu. Tukiongeza milisekunde 8 hivi za kusogeza mkono, tunapata milisekunde 12 kwa kila ombi. Gawanya 1,000 kwa 12: diski hiyo yaweza kuhudumia maombi kama 83 kwa sekunde, hayazidi sana hapo.

Wanafunzi watashangaa. Wamezoea kudhani kwamba kompyuta hufanya mamilioni ya kazi kwa sekunde, na ubongo wa kompyuta hufanya hivyo kweli. Lakini diski ni chombo chenye mkono, na mkono una mwendo wake. Diski ya kwanza kuuzwa, IBM 350 ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, ikatunza herufi milioni 5, na kuifikia habari moja kulichukua kwa wastani kiasi cha milisekunde 600. Leo diski moja inayoshikika mkononi yaweza kutunza herufi trilioni 20. Mwalimu awape wanafunzi hesabu hizi mbili wazifanye wenyewe: nafasi ya kutunzia imeongezeka mara milioni 4, lakini mwendo wa kuifikia habari, kutoka milisekunde 600 hadi 12, umeongezeka mara 50 tu. Ghala limekuwa kubwa kama wilaya, na mtunza ghala bado ana miguu miwili.

Jambo la pili ambalo mwalimu asiliruke ni aina ya kazi. Diski tuliyoieleza, ikisoma habari zilizopangwa mfululizo, yaweza kutoa megabaiti 200 na zaidi kwa sekunde, kwa sababu mkono hausogeisogei ovyo. Ikipewa maombi madogo ya kilobaiti 4 yaliyotawanyika huku na huko, itatoa 83 mara 4, yaani kilobaiti 332 kwa sekunde. Haifiki hata megabaiti moja. Chombo ni kile kile, siku ni ile ile, na tofauti yapita mara 600. Ni sawa na tofauti ya mtu anayesoma kitabu ukurasa baada ya ukurasa na mtu anayetafuta maneno 83 katika kamusi. Basi mtu akikuambia kwamba diski yake ina mwendo wa megabaiti 200, swali la kwanza ni: kwa kazi gani? Kazi ya usiku ya kunakili kumbukumbu zote ni ya mfululizo. Kazi ya mchana ya dirishani, kila mteja na faili lake, ni ya kutawanyika.

Zipo pia hifadhi zisizo na sahani wala mkono, ambazo hujibu kwa sehemu ya kumi ya milisekunde na kupokea makumi ya maelfu ya maombi kwa sekunde. Zimeenea sana. Hata hizo zina foleni zake, ila namba zake ni kubwa mno kwa mchezo wa darasani. Sisi tutabaki na diski yenye mkono, ambayo bado inatumika kwa wingi mahali penye kumbukumbu nyingi za kutunzwa kwa gharama ndogo.

SOMO LENYEWE: FOLENI YA MADAFTARI

Hakuna haja ya kompyuta. Vifaa vinavyotakiwa ni meza moja, saa yenye mshale wa sekunde au simu ya mwalimu, ubao, chaki, na madaftari ya wanafunzi wenyewe. Somo lachukua vipindi viwili vya dakika 40.

Katika kila shule ya msingi kuna jambo linalofanana na diski kabisa, nalo ni mwalimu anayesahihisha madaftari mezani huku wanafunzi wamepanga mstari. Daftari ni ombi. Kusahihisha ni kazi ya diski. Mstari ni foleni. Mwalimu achague mwanafunzi mmoja awe msahihishaji, akae mezani, na kwa kila daftari atie alama ya vema mara moja kila nusu dakika, asizidishe wala asipunguze. Uwezo wake basi ni madaftari 2 kwa dakika. Mwanafunzi wa pili awe mtunza saa. Kila nusu dakika apige meza. Wa tatu awe mhesabu wa foleni: kila meza inapopigwa, ahesabu waliopo mbele, pamoja na yule anayesahihishiwa, na kuandika idadi hiyo ubaoni. Waliobaki waandike namba hizo madaftarini, kila mmoja kwa mkono wake. Tunasisitiza hili kwa sababu katika darasa kubwa ni rahisi watoto 30 wacheze na wengine 40 wawe watazamaji.

Mchezo uende dakika 20. Katika dakika 10 za kwanza waje wanafunzi 5, mmoja mmoja, kila baada ya dakika mbili. Hakuna atakayengoja; kila mmoja anakaa mbele nusu dakika, anaondoka. Dakika ya 10 inapogonga, waje wanafunzi 20 kwa pamoja. Baada ya hapo asije mtu tena. Msahihishaji aendelee mpaka amalize, na atamaliza dakika ya 20 kamili.

Sasa mwalimu asimame ubaoni. Yafaa mazungumzo yaende hivi:

Mwalimu: Wamekuja wanafunzi wangapi kwa jumla?

Wanafunzi: Ishirini na watano, mwalimu.

Mwalimu: Kwa dakika ngapi?

Wanafunzi: Ishirini.

Mwalimu: Basi kwa wastani walikuja wangapi kwa dakika?

Wanafunzi: Mmoja na robo.

Mwalimu: Na msahihishaji wetu aweza wangapi?

Wanafunzi: Wawili kwa dakika.

Mwalimu: Mmoja na robo ni asilimia ngapi ya wawili?

Wanafunzi: Sitini na mbili na nusu.

Mwalimu: Kwa hiyo msahihishaji hakuzidiwa. Alikuwa na nafasi ya kutosha. Au sivyo?

Hapa mwalimu anyamaze. Aliyekuwa wa mwisho katika mstari hatanyamaza. Miguu yake imemfundisha. Atasema, "Mwalimu, mimi nimesimama dakika kumi." Darasa litagawanyika, na mwalimu asiharakishe kulipatanisha. Tumeona wanachuo katika mazoezi ya kufundisha wakikimbilia kutoa jibu katika dakika ile ile ambayo watoto wameanza kufikiri, eti kipindi kinakwisha. Kipindi kikiisha, swali lilale, liamke kesho.

Kipindi cha pili kianze na hesabu ya kungoja. Wale 5 wa kwanza kila mmoja alikaa mbele nusu dakika: jumla dakika 2.5. Katika wale 20, wa kwanza alikaa nusu dakika, wa pili dakika moja, wa tatu dakika moja na nusu, hivyo hivyo mpaka wa ishirini aliyekaa dakika 10. Jumla yao ni dakika 105. Jumla ya wote ni dakika 107.5, gawanya kwa wanafunzi 25, wastani ni dakika 4.3.

Kisha wageukie namba za mhesabu wa foleni. Alihesabu mara 40. Katika hesabu 20 za mwanzo aliona mtu mmoja mara 5 na sifuri mara 15. Katika hesabu 20 za mwisho aliona 20, kisha 19, kisha 18, mpaka 1. Jumla ya namba zote ni 215. Gawanya kwa 40: kwa wastani walikuwapo mbele watu 5.375. Sasa mwalimu awaambie wazidishe wastani wa waliokuja kwa dakika, 1.25, kwa wastani wa muda waliokaa, 4.3. Jibu ni 5.375, namba ile ile.

Hiyo si bahati. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alichapisha uthibitisho kwamba, foleni ikitazamwa kwa muda wa kutosha, idadi ya waliomo daima hulingana na kasi ya kuingia ikizidishwa kwa muda wa kukaa. Haidhuru ni watu dukani, magari kivukoni au maombi kwenye diski. Mafundi huitumia sheria hii kuhakiki vipimo vyao: kama chombo kinasema maombi 50 yanaingia kila sekunde, na kila moja linakaa sehemu moja ya kumi ya sekunde, basi kwa wastani yapaswa kuwamo maombi 5. Chombo kikionyesha 40, kipimo kimojawapo ni kibovu, au vimepimwa kwa nyakati tofauti. Kwa mtoto, faida ni kwamba amepata jibu moja kwa njia mbili zisizofanana, jambo ambalo katika Hisabati humpa mtu moyo kuliko sifa za mwalimu.

KUIRUDIA DISKI

Mwanachuo sasa aone jinsi mchezo ule unavyotokea katika mtambo wenyewe. Namba zifuatazo tumezitunga kwa ajili ya somo, ila uwezo wa diski ni ule tuliouhesabu, maombi 83 kwa sekunde, yakihudumiwa kwa zamu.

Fundi ameweka chombo kinachoandika wastani kila baada ya dakika 5, yaani sekunde 300. Kwa sekunde 280 kati ya hizo yanaingia maombi 20 kwa sekunde. Lakini kwa sekunde 20 mfululizo, tuseme kuanzia mwisho wa dakika ya kwanza, yanaingia 400 kwa sekunde, labda kwa kuwa matokeo ya mtihani yametangazwa na kila mzazi ameshika simu. Jumla ni 5,600 na 8,000, yaani 13,600. Gawanya kwa 300: maombi 45 kwa sekunde. Karatasi ya fundi inasema 45 kati ya 83. Kila kitu ni salama.

Tazama ndani. Katika sekunde 20 za msukosuko yaliingia maombi 8,000, nayo diski ikaweza kuhudumia 1,660 tu. Yalibaki 6,340. Aliyefika mwisho ana watu 6,340 mbele yake, nao wanahudumiwa 83 kwa sekunde. Atangoja sekunde 76. Na msukosuko ukiisha, foleni haiishi nao. Maombi mapya 20 yanaendelea kuingia kila sekunde, kwa hiyo diski inaipunguza foleni kwa 63 tu kwa sekunde, na kuimaliza kwahitaji sekunde 100. Sekunde 20 za wingi zimezaa dakika mbili za shida, na zote mbili zimezikwa ndani ya wastani mmoja wa dakika tano. Mama wa dirishani alifika katika dakika hizo mbili.

Fundi angepima kila sekunde 5 angeiona hali hii. Kwa nini basi hapimi hivyo daima? Kwa sababu kila kipimo huandikwa mahali na kutunzwa, na kupima nako ni kazi. Hili nalo ni swali zuri la kuwauliza wanafunzi: mwalimu akiita mahudhurio kila dakika tano, atafundisha saa ngapi?

Pana njia nyingine ya kuona kilichofichwa, nayo ni kuzipanga namba badala ya kuzijumlisha. Chukua maombi kumi: tisa yamejibiwa kwa milisekunde 5 kila moja, na moja kwa milisekunde 455. Jumla ni 500, wastani ni 50. Waulize wanafunzi ni ombi lipi lililochukua milisekunde 50. Hakuna. Wastani umemtaja mtu asiyekuwapo. Wakizipanga kutoka ndogo hadi kubwa, namba ya kati ni 5, na kubwa kuliko zote ni 455. Namba hizo mbili pamoja zimesema ukweli zaidi ya wastani. Ndiyo maana mafundi wa siku hizi hupenda kutaja muda ambao maombi 99 katika 100 yalijibiwa ndani yake, wala hawatosheki na wastani peke yake. Kwa maoni yetu, kufundisha "jumlisha, kisha gawanya" bila kuwapa watoto hata mara moja namba kama hizi kumi ni kuwafundisha nusu ya wastani.

GRAFU INAYOPANDA GHAFULA

Jambo jingine lafaa kwa somo la grafu. Foleni hutokea hata pasipo msukosuko mkubwa, kwa sababu maombi hayaji kwa vipindi sawasawa. Huja kama wateja, wawili pamoja, kisha kimya, kisha watatu. Hesabu za foleni za namna hii zilianzishwa na Mdenmaki Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, akachapisha makala yake ya kwanza juu yake mwaka 1909. Kwa foleni iliyo nyepesi kuliko zote, ambamo maombi huja ovyo na muda wa kuhudumiwa nao hubadilika ovyo, kanuni ni hii: gawanya muda wa kazi kwa sehemu ya uwezo iliyobaki wazi.

Kwa diski yetu ya milisekunde 12: ikitumika kwa asilimia 50, gawanya 12 kwa 0.5, unapata milisekunde 24. Kwa asilimia 75 unapata 48. Kwa asilimia 90 unapata 120, na kwa asilimia 95 unapata 240. Wanafunzi wachore: asilimia chini, milisekunde pembeni. Mstari utakwenda karibu tambarare, kisha utapinda na kupanda kama mtu aliyetoka Mombo akaanza kuikwea barabara ya Lushoto. Wapewe swali: kutoka asilimia 50 hadi 75 mzigo umeongezeka kwa nusu yake, na muda umeongezeka mara ngapi? Mara mbili. Kutoka 90 hadi 95 mzigo umeongezeka kidogo sana, na muda? Mara mbili vile vile. Mtoto aliyezoea kwamba kalamu mbili zina bei ya mara mbili ya kalamu moja atakutana hapa, pengine kwa mara ya kwanza, na kitu kisichokwenda kwa uwiano.

Lakini mwalimu awe mwangalifu na neno "asilimia ya matumizi". Programu ya iostat, inayotumika katika kompyuta za aina ya Linux, huonyesha safu ya namba inayoeleza ni sehemu gani ya muda chombo kilikuwa na angalau ombi moja mkononi. Kwa diski moja maana yake ni wazi. Kwa kabati lenye diski kumi zinazoonekana kama moja, namba hiyo yaweza kufika 100 ilhali kila wakati diski moja tu ndiyo inayofanya kazi na tisa zimekaa. Ni kama mtu anayechungulia dirisha la chumba cha walimu kumi, na kila akichungulia anamwona angalau mmoja anasahihisha. Akienda kutangaza kwamba walimu wa shule hii wamelemewa wote, atakuwa amesema zaidi ya alichoona. Kipimo cha kuaminika zaidi hapo ni muda wa kujibiwa, pamoja na urefu wa foleni.

MAZOEZI MAWILI YA UBAONI

La kwanza ni la mwalimu mwenye vitabu vichache mezani na vingine stoo. Kompyuta nayo huweka habari zinazoulizwa mara kwa mara katika kumbukumbu ya karibu, ili isiende kwenye diski kila mara. Tuseme katika maombi 100, 90 yanapatikana karibu kwa milisekunde 0.1, na 10 yanakwenda diskini kwa milisekunde 12. Wastani ni milisekunde 1.29. Sasa yale ya karibu yapungue hadi 80. Wanafunzi wengi watabahatisha kwamba mambo yameharibika kwa asilimia kumi hivi. Wahesabu: wastani ni milisekunde 2.48, karibu mara mbili. Zaidi ya hayo, maombi yanayokwenda diskini yametoka 10 hadi 20, yaani mzigo wa diski umeongezeka maradufu, na mwanafunzi aliyechora grafu yetu aweza kusema jambo gani litafuata.

La pili ni la kujumlisha na kutoa tu. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley walichapisha makala yaliyoeneza wazo la kutumia diski nyingi za bei ndogo kwa pamoja, zikilindana. Mpango huo hujulikana kwa jina la RAID. Katika namna mojawapo, diski kadhaa hutunza habari na nafasi ya ziada hutunza kitu kinachofanana na jumla yake. Mtambo wenyewe hutumia hesabu ya shufwa na witiri, lakini kwa darasa jumla ya kawaida yatosha. Andika ubaoni 7, 5 na 4, na jumla 16. Futa 5, watoto watairudisha bila taabu. Hivyo ndivyo diski moja inavyoweza kufa bila habari kupotea.

Kisha waulize gharama ya ulinzi huo. Badilisha 5 iwe 9. Jumla mpya yapatikanaje bila kuzitazama 7 na 4? Soma 5 ya zamani, soma 16 ya zamani, toa 5, ongeza 9, andika 9, andika 20. Kusoma mara mbili na kuandika mara mbili: kazi nne kwa badiliko moja dogo. Mtumiaji anadhani ameandika mara 100. Diski zimefanya kazi 400. Kwa hiyo anayepima mtambo wa namna hii hana budi kuhesabu kusoma mbali na kuandika mbali, maana ombi moja la kuandika si sawa na ombi moja la kusoma.

KAZI YA NYUMBANI

Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vya wanne, kila kikundi kichague foleni moja halisi: bomba la maji, mashine ya kusaga, au dirisha la duka. Wapime kwa dakika 20, wakiandika kila nusu dakika idadi ya waliopo, na saa ya kuingia na ya kutoka ya kila mtu wanayeweza kumfuatilia. Wapime siku ya kawaida, na tena siku ya gulio, maana bila kuijua siku ya kawaida hawataweza kusema siku ya gulio imezidi kwa kiasi gani. Wenye mashine ya kusaga wapewe tahadhari moja: mtu aliyekuja na debe na mtu aliyekuja na gunia wasihesabiwe kama mzigo sawa. Waandike ukubwa wa mzigo katika safu ya pili, kama fundi wa diski anavyoandika idadi ya maombi katika safu moja na kilobaiti zake katika nyingine. Mwalimu akusanye majedwali siku ya tatu, na kwa kila jedwali aulize kwanza nani alingoja kuliko wote, ndipo aulize wastani.